Tusimwite Mwongo Mwanafunzi Anayeumwa na Tumbo

Kila mwalimu aliyekaa darasani kwa muda anamjua mwanafunzi huyu. Jumatatu huja shuleni akiwa amejishika tumbo; akipewa ruhusa hurejea nyumbani, na alasiri huonekana akicheza na wenzake. Siku ya mtihani maumivu humrudia. Amekwisha kupelekwa zahanati mara tatu, akapewa dawa ya minyoo na ya amiba, choo chake kikapimwa na kisionekane kitu. Hatimaye hukumu hutolewa. Nyumbani husemwa amerogwa, shuleni husemwa ni mvivu, na hospitalini huandikwa kwamba hana ugonjwa wowote. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kuwa hukumu zote tatu zina kasoro. Aidha nashikilia kwamba tiba ya mtoto huyu haiko mbali kama tunavyodhani. Imegawanyika mikononi mwa watu watano au sita ambao wote wanaishi karibu naye, ila hawajapata kuketi pamoja na kuzungumza habari zake.

Natoa mfano wa Marafa, katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Watalii huijua Marafa kwa korongo la Nyari, lenye kuta nyekundu na nyeupe zilizochongwa na mvua na upepo. Anayeishi huko huijua zaidi kwa umbali wake. Ili kufika hospitali ya Malindi, mzazi husafiri zaidi ya kilomita 30 na kuvuka Mto Sabaki. Akielekezwa kwenye hospitali ya kaunti mjini Kilifi, ana takriban kilomita 60 nyingine, na akiambiwa aende Mombasa basi safari kutoka Malindi ni kilomita 120 hivi. Mabingwa wa maradhi ya tumbo ya watoto nchini ni wachache, na aghalabu wanapatikana Nairobi. Kumwambia mkulima wa mahindi na mihogo wa Marafa kwamba mwanawe amuone bingwa ni sawa na kumwambia akae naye hivyo hivyo.

Hebu kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Mwaka 1958 daktari wa watoto wa Uingereza, John Apley, pamoja na mwenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 1,000. Waligundua kuwa takriban mmoja katika kila kumi alikuwa na maumivu ya tumbo yaliyomrudia mara kwa mara hadi yakamzuia kufanya shughuli zake. Wengi wao, walipopimwa, hawakupatikana na kidonda, uvimbe wala kijidudu. Kwa miaka mingi baadaye madaktari waliyaita maumivu ya aina hii kuwa hayana sababu. Leo hawasemi hivyo tena. Mnamo mwaka 2016, wataalamu wanaoandaa vigezo vijulikanavyo kwa jina la Roma waliyaweka maradhi haya katika kundi moja waliloliita maradhi ya mahusiano kati ya utumbo na ubongo. Katika kundi hilo yamo maumivu ya tumbo yasiyo na kidonda, kufunga choo kusikotokana na kasoro ya kiungo, na kichefuchefu kinachorudia.

Maelezo yake si magumu. Kuta za utumbo zina mtandao wake wa neva, wenye seli zaidi ya milioni 100, unaoendesha usagaji wa chakula bila kungoja amri. Mtandao huo huwasiliana na ubongo usiku na mchana, hasa kupitia neva iitwayo vagasi, ambayo sehemu kubwa ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka tumboni kwenda juu. Serotonini, kemikali ambayo wengi huihusisha na furaha na huzuni, kwa takriban asilimia 90 hupatikana utumboni. Kwa baadhi ya watoto mawasiliano haya huwa makali kupita kiasi. Gesi ambayo mtoto mwingine haihisi, yeye humchoma kama kisu. Hofu ambayo mwenzake huisahau kwa dakika tano, kwake hushuka na kuukaza utumbo. Maumivu ni ya kweli ijapokuwa kidonda hakipo.

Nashangaa kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tunahitaji kuelezwa jambo hili na watu wa mbali. Mwanasiasa anayesubiri matokeo ya kura huandikwa magazetini kwamba ana tumbo joto, na hakuna msomaji anayeuliza kama amepimwa homa. Mtu aliyeudhiwa mno husema amekatwa maini. Bibi zetu wa Pwani walipozungumzia chango hawakumaanisha mnyoo peke yake. Walimaanisha pia msokoto wa tumbo unaokuja na kwenda, unaomshika mtu kwa nguvu zaidi akiwa na dhiki. Lugha ilikwisha kuunganisha tumbo na nafsi. Sisi tuliosoma ndio tuliovitenganisha, tumbo tukalipeleka hospitalini na nafsi tukaiachia mahubiri.

Basi ni nini kinachoyaamsha maradhi haya? Sababu moja ni maambukizo yaliyopita. Mwezi Mei mwaka 2000 maji ya mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada yaliingiwa na bakteria, na maelfu ya watu wakaugua kuhara. Watafiti waliowafuatilia kwa miaka minane waligundua kuwa baadhi ya waliougua, watoto wakiwemo, waliendelea kuwa na matumbo yanayouma muda mrefu baada ya vijidudu kutoweka. Ikiwa kuhara mara moja kunaweza kuuacha utumbo ukiwa mwepesi wa kuumia, tufikirie mtoto anayehara mara kadhaa kwa mwaka kwa sababu ya kunywa maji ya bwawa linalotumiwa pia na mifugo. Ukame uliolikumba eneo hili kuanzia 2020, ambapo mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana au kupungua mno, uliwalazimisha wengi kunywa kilichopatikana.

Sababu ya pili ni hofu na huzuni. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalikariri katazo hilo. Lakini mwanafunzi anaweza kuogopa vitu vingi ambavyo sheria haijavitaja. Huogopa hesabu, kudhihakiwa kwa sare iliyochanika, kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Wengine hubeba mizigo mizito zaidi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola uliomo katika kaunti hii hii, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Waliosalia, na waliofiwa na ndugu na majirani, wamo madarasani. Sisemi kwamba kila anayeumwa na tumbo ameona makubwa kama hayo. Nasema kwamba mtoto hana maneno mengi ya kuelezea majonzi, na mara nyingi neno lake la kwanza huwa ni tumbo.

Sababu ya tatu huenda ikamchekesha msomaji, lakini si ya kuchekesha. Ni choo cha shule. Kanuni za nchi yetu zinataka choo kimoja kwa kila wasichana 25 na kimoja kwa kila wavulana 30. Palipo na vyoo vichache, vichafu, visivyo na mlango wala maji, mtoto hujizuia kutoka asubuhi hadi arejee nyumbani. Akijizuia kila siku, kinyesi hukauka na kuwa kigumu. Siku akienda huumia, na kwa kuwa ameumia hujizuia zaidi. Matokeo yake ni tumbo linalouma kila siku, ambalo haliwezi kuponywa na dawa ya minyoo hata angepewa kila juma. Hapa fundi anayetengeneza mlango wa choo ni mganga kama alivyo daktari.

Kabla sijaendelea, ni lazima niweke tahadhari, maana haifai makala haya yamfanye mwalimu yeyote aseme kwamba maumivu yote yanatokana na mawazo. Katika Pwani yetu minyoo na kichocho vipo, na mpango wa taifa wa kuwapa wanafunzi dawa ya minyoo, ulioanza mwaka 2009 na kupanuliwa kuanzia 2012, una faida yake. Utafiti uliofanywa Busia na Michael Kremer na Edward Miguel, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza utoro wa wanafunzi kwa takriban robo. Ugonjwa wa selimundu nao si haba Pwani, na huweza kujitokeza kwa maumivu makali ya tumbo. Tena lipo swali ambalo mwalimu hana budi kuliuliza kabla ya yote: mtoto huyu amekula nini tangu jana? Tumbo lenye njaa halihitaji ushauri nasaha, linahitaji chakula.

Kadhalika ziko dalili ambazo zikionekana hapana kungoja kikao wala mazungumzo, bali mtoto apelekwe kwa tabibu siku hiyo hiyo. Nazo ni damu katika choo au mkojo, kutapika kusikokoma au matapishi ya kijani, homa, kukonda au kudumaa, macho kuwa ya manjano, maumivu yanayomwamsha usingizini, na maumivu yanayokaa mahali pamoja, hasa upande wa chini kulia. Apley aliwafundisha madaktari kuwa kadiri maumivu yanavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo uwezekano wa ugonjwa wa kiungo unavyoongezeka. Kanuni hiyo mwalimu anaweza kuikumbuka bila kuwa daktari.

Lakini pale ambapo tabibu amechunguza na dalili hizo hazipo, tusiseme mtoto anaigiza. Mnamo Oktoba 2023 makumi ya wanafunzi wa shule moja ya wasichana Kakamega walilazwa hospitalini, miguu ikiwa imewakatalia kutembea. Walipopimwa pasipatikane ugonjwa wa kuambukiza, wapo waliosema kuwa wanajifanya tu ili wapelekwe nyumbani. Jambo la jinsi hiyo halikuwa geni katika Afrika Mashariki. Mwezi Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Shule ikafungwa mwezi Machi baada ya wanafunzi 95 kati ya 159 kupatwa. Madaktari hawakuona sumu wala kijidudu, na hata hivyo wasichana wale hawakuwa wakicheza. Mwili una namna yake ya kusema, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuje basi kwenye tiba. Mwaka 1977 daktari wa Marekani George Engel aliwakumbusha wenzake kwamba mgonjwa ni mwili, nafsi na jamii kwa pamoja, na kwamba anayetibu kimoja na kuviacha viwili hatibu. Katika nchi tajiri fikra hiyo imezaa kliniki ambazo daktari, mwanasaikolojia na mtaalamu wa lishe humwona mtoto pamoja. Matokeo yake yanatia moyo. Huko Uholanzi, utafiti wa mwaka 2007 uliwahusisha watoto 53 wenye maumivu sugu ya tumbo. Baadhi yao walifundishwa, kwa kuongozwa na sauti tulivu, kuyatuliza mawazo na matumbo yao. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 85 ya hao walikuwa wamepona, ilhali miongoni mwa waliopata matibabu ya kawaida waliopona walikuwa asilimia 25. Miaka kumi baadaye Waholanzi hao hao walionyesha kuwa mazoezi hayo yakirekodiwa, na mtoto akayasikiliza nyumbani, hufaa karibu sawa na kukaa na mtaalamu.

Utafiti mwingine unatuhusu sisi wazazi. Mwaka 2006 Lynn Walker wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, aliwanywesha watoto maji mengi hadi matumbo yakawasumbua. Baadhi ya mama waliombwa wawaulize watoto jinsi wanavyojisikia na kuwahurumia, wengine waliombwa wawape mazungumzo mengine. Waliohurumiwa walilalamika takriban maradufu. Waliopewa mazungumzo mengine, malalamiko yao yalipungua kwa nusu. La ajabu ni kuwa wazazi ndio waliodhani kuwa kumwondoa mtoto mawazo ni ukatili. Watoto wenyewe waliona kuwa kumewasaidia. Fundisho lake si kumpuuza mtoto. Fundisho ni kumwamini, kumweleza kwa upole kuwa tumbo lake halina kidonda ila lina wepesi wa kuumia, kisha kumrudisha katika masomo na michezo yake badala ya kumlaza kitandani kila linapouma.

Kwa mtazamo wangu, Marafa haihitaji kungoja ijengewe kliniki ya namna ile. Magarini ina kumbukumbu ya mambo makubwa yaliyopangwa na wageni: mradi wa makazi uliofadhiliwa na Australia tangu miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ulileta wataalamu na mitambo, nao haukutimiza yaliyotarajiwa. Kinachohitajika sasa ni kuwaunganisha waliopo. Mwalimu wa darasa ndiye mwenye daftari la mahudhurio, na daftari hilo ni chombo cha uchunguzi ambacho hospitali haina. Linaweza kuonyesha kwamba mtoto huumwa siku za hesabu tu, au kila baada ya likizo, au tangu mama alipohama. Mwalimu wa ushauri nasaha anaweza kumfundisha mtoto kupumua taratibu na kuutuliza mwili kabla ya mtihani. Mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa takriban 100,000 waliokabidhiwa kazi nchini mwaka 2023, huingia nyumbani na kuona maji yanayonywewa na chakula kinachopikwa. Tabibu wa kituo cha afya huondoa shaka ya magonjwa ya kiungo, na humtibu anayefunga choo. Mzazi ndiye anayekaa na mtoto usiku. Kila mmoja wa watu hawa ana kipande cha habari, na wote wakikaa na vipande vyao mtoto hubaki na maumivu yake.

Wako watakaoniuliza habari za mganga wa kienyeji, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayeendewa kwanza. Sitaki kumtukana wala kumsifu ovyo. Anayechanja chale mtoto mwenye kidole tumbo na kumcheleweshea upasuaji anahatarisha maisha yake, na jambo hilo halina mjadala. Lakini tukubali pia kwamba mganga huuliza maswali ambayo hospitali yenye foleni ndefu haipati nafasi ya kuyauliza: nani amegombana na nani nyumbani, mtoto ameota nini, maumivu yalianza baada ya msiba gani. Watafiti wa Kilifi waliwahi kukaa na waganga kuhusu ugonjwa wa kifafa badala ya kuwakemea kwa mbali, na huo ni mfano wa kufuatwa. Tuyachukue maswali yake na tumwombe atukabidhi mtoto mapema aonapo zile dalili za hatari.

Ipo hoja nyingine, kwamba palipo na malaria na utapiamlo kushughulikia maumivu yasiyoua ni anasa. Naiheshimu hoja hii, lakini siikubali. Kwanza, gharama ya kutomshughulikia mtoto huyu tunailipa tayari: nauli za kwenda na kurudi, vidonge visivyohitajika, viuavijasumu vinavyomezwa bila sababu hadi vikakosa nguvu, na siku za masomo zinazopotea. Pili, asiyesikilizwa leo kwa maumivu yasiyo na kidonda hatasema kesho atakapokuwa na kidonda. Tatu, ninayoyapendekeza hayahitaji mtambo wala dawa mpya.

Kwa hivyo natoa mapendekezo manne. Kila shule iwe na orodha fupi ya wanafunzi waliokosa masomo mara tatu au zaidi katika muhula kwa sababu ya tumbo. Mara moja kila muhula, mwalimu wa ushauri nasaha, tabibu na mhudumu wa afya ya jamii waketi na wazazi wa watoto hao, siri ya mtoto ikihifadhiwa. Serikali ya kaunti nayo ihesabu vyoo vya shule kuwa sehemu ya bajeti ya afya ya watoto. Mwisho, vyuo vya walimu na vya matabibu vifundishe somo hili, na taasisi ya utafiti ya KEMRI, iliyofungua kituo chake Kilifi mwaka 1989 na kujijengea sifa katika malaria, itusaidie kujua ukubwa wa tatizo hili katika shule za Magarini.

Nanyi wanafunzi mnaosoma makala haya, mkiwa na mwenzenu anayeshika tumbo kila siku ya mtihani, msimwite mtoro wala msimcheke. Mwulizeni kama amekula, kisha mwandamane naye hadi kwa mwalimu. Wazee walisema kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Marafa ina vinga vyote vinavyohitajika, ila kila kimoja kimewekwa peke yake pembeni mwa jiko.